Drafti ya Magic (si ile ya vifuniko vya soda): nachukua kadi kali lakini nafungwa tu, nakosea wapi?

walukuba_kadi

Habari zenu ndugu zangu. Niko Jinja huku, tuko watu 8 tunacheza Magic: The Gathering, ule mchezo wa kadi za viumbe na uchawi, kila Jumapili mchana tukitoka kanisani. Tulianza na zile deki zilizopangwa tayari, alafu binamu yangu anayefanya kazi Nairobi akatuletea pakiti 24 za Foundations, ile seti iliyotoka Novemba 2024, tukachanga pesa kila mtu akapata pakiti 3 na tukasema leo tunadrafti. Kila mtu anafungua pakiti moja, anachukua kadi moja, zingine anampa jirani wa kushoto, ivo ivo mpaka ziishe, ya pili inaenda kulia, ya tatu inarudi kushoto, alafu unajenga deki ya kadi 40.

Mi pakiti yangu ya kwanza nikakuta Omniscience, banange roho iliruka! Nikaichukua bila kufikiri. Kuanzia hapo kila pakiti ikinifikia natazama ile kadi yenye nguvu kuliko zote naibeba, haijalishi rangi, nikamaliza na Serra Angel, Shivan Dragon, kadi nzito nzito za rangi nne na kila moja ukiisoma unatetemeka. Nikaona landi (zile kadi zinazotoa mana, yaani malipo ya kushusha kadi zingine, kila rangi na landi yake) zinakula nafasi nikaweka 15 ili kadi zangu zote nzuri ziingie.

Nilifungwa mechi zote 3. Mechi ya mwisho nimefungwa na mdogo wake rafiki yangu, ana miaka 13, deki yake vidudu vidogo vya nyeupe na kijani tu, hana hata rea (kadi adimu) moja ya maana, na mi nimekaa na Shivan mkononi, landi nyekundu haiji, yeye anapiga 2, anapiga 4, anapiga 7, nimekufa. Imeniuma kwa kweli manake nilikusanya ile pesa miezi miwili na nilitamani kucheza vizuri. Naombeni mnieleze, mtu anachaguaje? Na landi ni ngapi? Na rangi naanza kushikamana nazo lini?

dada_wa_Tororo

Pole sana kaka, karibu wote tumepitia hapo. Nianze na landi manake hapo ndo umekufia kabla hata hujakaa mezani.

Deki ya kadi 40 watu huweka landi 17 na kadi zingine 23, na si mazoea tu, ukipiga hesabu inaonekana. Ukiwa na landi 17 kwenye 40, ule mkono wa kwanza wa kadi 7 utakuja na landi 0 au 1 kama mara 10 kwa 100. Ukishusha landi ziwe 15 inapanda karibu mara 17 kwa 100. Yaani ile nafasi uliyoiokoa ya kadi mbili nzuri umeilipa kwa mikono mibovu mingi zaidi. Alafu na 17 mkono wenye landi 2, 3 au 4 unakuja karibu mara 79 kwa 100, na huo ndo mkono wa kubaki nao. Ukija mbovu usione haya kurudisha, siku izi tangu 2019 unachukua tena 7 kamili alafu unaweka moja chini ya deki, haiumizi kama zamani.

Sasa rangi. Landi 15 ukigawa kwa rangi nne kila rangi inapata kama 4 hivi. Ukifika zamu ya nne umeona kadi 10 au 11, robo ya deki, kwa hiyo kila rangi umepata landi moja tu. Serra Angel yako inataka mana 5 na mbili kati ya hizo ziwe nyeupe, utazitoa wapi? Ndo maana Shivan alikaa mkononi, hukuwa na bahati mbaya, deki yenyewe ilijengwa ivo. Rangi mbili kaka. Mbili. Ya tatu unaweza kuonjesha kwa kadi moja au mbili kama una landi za kukusaidia, lakini wewe bado, kaa na mbili kwanza.

Na hiyo Omniscience kwa heshima zote kwenye drafti iache ipite, inataka mana 10. Kwa landi 15 kwenye 40, kufikisha landi 10 mezani unatarajia uwe umeona kadi kama 27, hiyo ni zamu ya 20 hivi, na mechi nyingi za drafti zimeisha kabla ya zamu ya 10. Kama ina bei uichukue ukauze sawa, hiyo ni biashara na sio vibaya, ila ujue pale umenunua kitu na hujadrafti.

mzee_matatu_Kasese

Dada amesema kweli. Mi naongeza kitu kwa lugha ya matatu, manake nimecheza matatu tangu shule ya msingi na hapa Uganda nani hajaicheza. Kwenye matatu ukiwa na shupaza tano mkononi na chini pamelala kopa, hizo shupaza zako hata ziwe za kupendeza vipi wewe unaokota tu. Nguvu ya kadi ni pale inapoweza kushuka. Drafti ya Magic ni ivo ivo, kadi inayoshuka zamu ya pili kila mechi ni bora kuliko dragoni anayeshuka mechi moja kwa nne.

Huyo mtoto wa miaka 13 mpeni heshima yake, amefanya kitu sahihi hata kama hakujua jina lake. Mi nikimaliza kudrafti napanga kadi mezani kwa gharama, za mana 1 pamoja, za 2 pamoja, za 3, mpaka mwisho, alafu natazama. Nataka viumbe vya mana 2 viwe vingi, hata 5 au 6, vya 3 vikaribie hapo, vya 4 vichache, na vile vizito vya 5 na 6 viwe vitatu vinne basi. Viumbe vyote pamoja nataka kama 15 au 16, nafasi inayobaki nijaze kadi za kuua viumbe vya mwenzako. Kwenye Foundations za kuua zipo kwenye komoni (zile kadi za kawaida, si adimu), Burst Lightning ya nyekundu, Bake into a Pie ya nyeusi, hizo mi nazichukua mapema kabla ya rea nyingi za kung'aa, manake bomu la mwenzako (kadi kali inayoweza kumaliza mechi peke yake) ukiliua kwa komoni umemrudisha chini.

Ile ya rangi zako uanze kushika lini, hapo ni kusikiliza meza. Watu wengi wanatazama kadi waliyochukua, hawatazami zilizobaki. Pakiti ya kwanza inatoka kwa jirani wa kulia. Sasa kama ni kadi ya sita, ya saba, na bado unaona kadi nzuri za kuua za nyeusi zinakufikia, maana yake wale walioko kulia hawataki nyeusi, na pakiti ya tatu itatoka upande ule ule, utakula tena. Pia kumbuka pakiti ina kadi 14 na nyinyi mko 8, kwa hiyo ile uliyofungua wewe itazunguka meza yote irudi kwako ikiwa na kadi 6. Ikumbuke ilikuwa na nini. Kama uliacha kadi mbili nzuri za kijani na zote bado zipo, kijani hakina mwenyewe mezani, ingia.

Na upande wa kushoto pia una kazi. Unachompitishia ndo kinamfundisha rangi. Ukichukua nyeusi zote nzuri pakiti ya kwanza yeye hataingia nyeusi, na pakiti ya pili inapogeuka ndo yeye anakupitishia wewe. Ukimpa nyeusi mbili kali kwa sababu wewe ulikuwa unakimbilia Omniscience, basi pakiti ya pili nyeusi utaiona kwa mbali.

arua_usiku

Shikamoo mzee, naheshimu yote ila kuna sehemu naogopa atakosea akisoma haraka. Asijifunge rangi mapema sana. Kuna watu wakichukua nyekundu kadi ya kwanza na ya pili wanaona wameoa, wanakataa kila kitu mpaka mwisho hata nyekundu ikikauka. Mi kadi tatu nne za kwanza nachukua iliyo bora bila kuogopa rangi (bora ya kuchezeka, si ya mana 10), alafu kati ya ya tano na ya nane naanza kusikiliza kama mzee alivyosema, na mwanzo wa pakiti ya pili nataka niwe najua rangi moja kwa uhakika. Ya pili inaweza kuchelewa kidogo haina neno. Kadi ya kwanza ukaiacha benchi sio hasara, umelipa kujua njia.

Na 17 sio sheria ya Musa, deki kama ya yule mtoto, yote mana 1 mpaka 3 na vizito viwili tu, inaenda vizuri na 16. Chini ya hapo mi sishuki.

Kingine, kama una simu nzuri jaribu MTG Arena, yaani Magic yenyewe ya kwenye simu, ipo kwenye Android tangu 2021 na kupakua ni bure. Kuna Quick Draft unadrafti na roboti, inakula dhahabu 5000, na Premier Draft unadrafti na watu wenyewe, dhahabu 10000, unacheza mpaka ushinde 7 au ufungwe 3. Dhahabu unaipata kwa kucheza kila siku, polepole lakini inajaa. Mi nilijifunzia kwenye Quick, ila ujue roboti hazikufundishi kusoma meza, zinachagua kwa namna zao. Shusha kwa waifai ya mtu manake ni nzito na bando litalia. Alafu tazama tovuti ya 17Lands, jina lenyewe ni zile landi 17, wanakusanya matokeo ya watu wanaocheza Arena wakaonyesha kila kadi inashinda mara ngapi ikiingia mkononi. Utashangaa komoni ngapi zinapita rea.

walukuba_kadi

Asanteni sana mzee, dada, na wewe wa Arua, nimesoma mara tatu na nimemsomea na binamu kwa simu. Nimezitoa kadi zangu nikazipanga kwa gharama kama mzee alivyosema, nikakuta viumbe vya mana 2 ninavyo VIWILI, na vya 5 kwenda juu ninavyo 9. Sikuwa najua kabisa, mpaka nimeviona vimelala mezani.

Sasa shida ni moja, pakiti zimeisha. Hatuwezi kununua 24 kila mwezi, hapa kuna wanafunzi, kuna wa boda, kuna mimi. Tufanye nini tuendelee kujifunza?

dada_wa_Tororo

Hapo ndo penye raha, tengenezeni kyubu. Kila mtu alete kadi zake za ziada, mnachagua kadi 360, hakuna kurudia kadi moja mara mbili, mnazichanganya na kugawa mafungu ya kadi 15, kila mtu mafungu matatu, 8 mara 45 ni 360 kamili. Mnadrafti kama ni pakiti, mkimaliza kadi zinarudi kwenye boksi, Jumapili nyingine tena. Hakuna anayepeleka kadi nyumbani kwa hiyo hakuna wa kuchukua kwa ajili ya bei, kila mtu anachagua ili acheze, na utajifunza haraka zaidi. Landi za kawaida wekeni pembeni nyingi, kila rangi kama 40, mtu anachukua bure.

Sisi hapa tuliifanya ya komoni tupu, manake komoni ndo kila mtu anazo, na mechi zake ni tamu sana, hakuna bomu la kukumaliza peke yake, ni kupambana mpaka mwisho. Wekeni vifuko vya plastiki, huko kwenu karibu na ziwa unyevu utazipinda.

arua_usiku

Na siku mmekuja wawili tu, mvua imekataa wengine, kuna drafti ya watu wawili inaitwa Winston. Chukueni kadi 90 za hiyo kyubu, changanya, weka fungu, alafu toa tatu uziweke kifudifudi kila moja peke yake. Unachungulia ya kwanza, unaipenda unachukua na unaweka nyingine mahali pake, huipendi unairudisha na kuongeza kadi moja juu yake kutoka kwenye fungu, unaenda ya pili, ya tatu. Ukikataa zote unachukua ya juu ya fungu bila kuiona. Alafu mwenzako. Yale mafungu yanayokataliwa yananenepa mpaka mtu anashindwa kuyaacha, na kila unachoacha unajua mwenzako anakiona. Hapo ndo nilijifunza kusoma mtu.

walukuba_kadi

Nimerudi na habari. Tumekusanya kadi wiki mbili, tukapata 360, Jumapili hii tumedrafti chini ya mwembe. Nilianza na nyeusi, kadi ya saba kijani kikawa kinakuja kama mvua nikaingia, Llanowar Elves, viumbe vya mana 2 sita, Giant Growth moja, landi 17. Nimeshinda 2 nimefungwa 1, na niliyefungwa naye ni yule mtoto tena, ila safari hii ilifika mchezo wa tatu na akabaki na maisha 2!

Swali dogo, watu wamelalamika kadi za kuua ni chache, viumbe vinajazana mezani hakuna anayeweza kupiga. Niweke ngapi kwa kila rangi?

mzee_matatu_Kasese

Hongera kijana. Kadi 360, rangi tano, ukiweka kila rangi 60 ni 300, zinazobaki 60 ni za rangi mbili mbili, vifaa na landi. Kwenye zile 60 nyeusi na nyekundu zipe za kuua 12 mpaka 15, nyeupe kama 10 ukihesabu na zile za kufunga kiumbe kama Pacifism, bluu zako za kurudisha mkononi na za kuzuia ziwe kama hizo, kijani tano sita za kupigana (kiumbe chako kinapigana na cha mwenzako) zinatosha manake viumbe vyake vyenyewe ni vikubwa. Alafu ongeza wanaoruka kwenye nyeupe na bluu, meza ikijaa wao wanapita juu. Jaribuni Jumapili mbili kabla ya kubadilisha tena, na huyo mtoto muulizeni anachukua nini kadi ya kwanza, mi nataka kujua.