Mtoto wa miaka 8, baba kauawa Johannesburg: tumwambieje?

Mwl_Kasulu: Wakuu, kuna mwanafunzi wa darasa la pili, baba yake ameuawa Johannesburg kwenye mashambulizi dhidi ya wageni. Yuko kwa bibi yake, ameambiwa "baba kasafiri". Anakojoa kitandani, na pikipiki ikipita anaingia chini ya dawati. Mwili haujafika. Tuanzie wapi?

Mnasihi_Kgm: Anzeni na hilo la "kasafiri", kabla jeneza halijafika, la sivyo ataambiwa ukweli na watoto wenzake msibani. Bibi amwambie mwenyewe, mchana, si saa ya kulala: "Baba amekufa. Watu walimpiga. Hatarudi." Halafu anyamaze, asubiri maswali. "Amelala" isitumike, mtoto ataogopa usingizi. Na hata asipouliza, aambiwe kwamba hakusababisha yeye. Umri huu hujibebesha kosa: alimnunia baba kwenye simu, basi anaona kununa huko ndiko kulikomuua.

Siku ya mazishi apewe mtu mmoja wa kukaa naye, mfano shangazi asiye na zamu ya kupika wala kupokea wageni. Mwili uangaliwe kwanza na mtu mzima. Uso ukiwa na majeraha, jeneza lifungwe, mtoto aweke barua au mchoro juu yake. Akikataa kusogea, aachwe.

Dada_Nesi: Mkojo usichapiwe fimbo. Aamshwe mara moja usiku, shuka zibadilishwe bila maneno. Mwezi wa kwanza haya ni ya kawaida. Yakizidi wiki 4, au akiacha kula na kucheza, mpelekeni hospitali na kwa afisa ustawi wa jamii. Dawa za usingizi msimpe, na msimkalishe kusimulia tukio zima kwa lazima.

Msomaji_77: Mmesahau simu! Video za vurugu zinazozunguka WhatsApp asizione. Kwa mtoto mdogo kila video ni shambulio jipya, tena liko karibu. Akiuliza kwa nini baba, ajibiwe wazi: walimchukia kwa kuwa mgeni, na kuwa mgeni si kosa. Msimfundishe kwamba Waafrika Kusini wote ni wauaji. Kwenye mashambulizi kama hayo ya Mei 2008 waliuawa watu 62, na 21 kati yao walikuwa raia wa huko huko.

Mwl_Kasulu: Shukrani. Bibi anauliza, akilia mbele ya mjukuu ni vibaya?

Mnasihi_Kgm: Alie. Ila amwambie analilia nini, mtoto asije akadhani yeye ndiye kamuudhi.