Nimetolewa kwenye picha ya wafanyakazi, halafu nikapewa simu niwapige mimi!

FundiWaMinara (mwanzisha uzi)

Asalam alaykum wana jamvi. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa bando wala ule wa mtandao kukatika. Huu unajitegemea. Nimo ndani ya daladala ya Fuoni, mikono inatetemeka kwa hasira, mkiona herufi zimerukana mtanisamehe.

Kampuni sina haja ya kuitaja, mnaijua. Wale wa mlango wa kioo na mlinzi anayekuuliza "una miadi?" hata ukiwa umekuja kununua vocha ya elfu moja. Ndiyo hao hao.

Jana usiku kwenye grupu la kazi ukaja ujumbe: "Kesho wote mfike ofisini saa tatu, na fulana za kampuni." Wote. Nimeifua fulana yangu usiku ule ule, nikaipiga pasi mpaka nembo ikataka kubabuka. Kumbe ni picha. Makao makuu wanataka kuipandisha kwenye kurasa zao, waseme wao ndio mwajiri bora wa vijana hapa Zanzibar kuliko kampuni nyengine zote za mtandao.

Tukapangwa. Warefu nyuma, wafupi mbele, wadada katikati. Mimi nimesimama nyuma kulia, nimejikaza, kifua mbele. Meneja anatupitia mmoja mmoja kwa macho, akafika kwangu akasita. Akasema, mbele za watu wote, sauti ya kawaida kabisa: "Wewe si wa wakala? Hebu sogea pembeni, hii ni ya wafanyakazi." Maana mkataba wangu ni na wakala wa ajira, si na kampuni yenyewe.

Nikasogea.

Halafu, jamani, halafu! Akanyoosha mkono, akanipa simu yake: "Tupigie basi, si upo upo tu."

Mimi! Nikapewa simu niwapige!

Mnara wa kaskazini Pemba ulipozima katikati ya mvua za masika, nani alipanda meli ya usiku na begi la vifaa mgongoni? Hao waliosimama mstari wa mbele meno yote nje, nusu yao mnara wameuona kwenye kalenda ya ukutani tu. Betri za akiba zilipoanza kuibiwa, nani alilala kibandani na mlinzi mbu wakamnyonya mpaka wakashiba wakaenda kuwaita jamaa zao? Na faiba, ile kebo ya intaneti, ilipokatwa na greda la watu wa barabara, nani alikaa shimoni saa saba mchana, jua utosini?

Kama hamjawahi kuiona kazi ile niwaambieni. Ule uzi ni kioo, unene wake wa unywele. Unauvua ngozi, unaupangusa kwa spiriti, unaukata ncha iwe sawasawa, unauingiza kwenye mashine, mashine inaziyeyusha ncha mbili zishikane. Jasho likidondoka, unaanza upya. Upepo ukileta vumbi, unaanza upya. Kebo moja ina nyuzi chungu nzima humo ndani, na zote zinangoja mkono wako usitetemeke. Nimeunganisha mpaka magharibi, simu za watu zikarudi, hoteli zikarudi, benki ikarudi. Meneja akatuma kidole gumba kwenye grupu.

Leo mkono ule ule ndio uliopewa simu.

Na nimewapiga mara mbili! Mara ya kwanza mmoja alifumba macho, nikaambiwa nirudie. Nimewahesabia moja, mbili, tatu, wakacheka, nikawarudishia simu yao. Mkuu akaitazama akasema "hapo sawa". Asante hakusema.

Picha imeshapanda. Maneno yaliyoandikwa chini yake: "Sisi ni familia moja." Familia gani inamwambia mtoto atoke nje apige picha ya ndugu zake?

Sasa wale wapinzani wao wa mtaa wa pili, ambao kila kikao tunaambiwa ni wababaishaji. Rafiki yangu yuko kule, naye ni wa wakala vilevile. Ana kadi ya bima, yeye, mkewe na watoto. Akitumwa Pemba, tiketi na pesa ya kulala anapewa mkononi kabla hajakanyaga bandarini. Mimi natangulia kwa pesa yangu, narudi na risiti, risiti inakwenda kwa wakala, wakala anaipeleka kwa kampuni, kampuni inairudisha kwa sababu haina muhuri, na mpaka zamu yangu ya kulipwa ifike wino umeshafutika kwenye karatasi, wananiuliza "hii ni risiti ya nini?"

Wale wa kampuni ndogo ya Fumba mishahara yao inachelewa, nalijua hilo. Lakini nendeni ukurasani kwao mkatazame picha ya mwisho wa mwaka. Yumo mpaka bibi anayewapikia! Nimeikuza kwa vidole nikamwona. Mstari wa mbele, amekaa kwenye kiti, vijana wamemzunguka.

Bibi wa jikoni yumo. Mimi nikapewa simu niwapige.

Nimedhalilika, wallahi. Mwenye la kusema aseme.

BintiMlandege

Pole kaka. Picha nimeiona sasa hivi. Imetoka vizuri kwa kweli, mwanga umekaa, hakuna aliyekatwa kichwa. Aliyepiga anajua.

FundiWaMinara

Dada nimekuja hapa na kidonda unanitilia ndimu.

YakheWaWete

Yakhe, mvua zile nazikumbuka. Wete nzima tulikuwa kizani kwa mawasiliano, mie mgonjwa wangu yupo Mnazi Mmoja sijui kafa sijui mzima. Alfajiri simu ikarudi tukasema kampuni inajali watu. Kumbe kampuni imelala, alokuja ni weye na begi lako. Mola akulipe. Hao wa kwenye picha sisi hatuwajui.

MchokooziWaMjini

Mkuu dawa ilikuwa mkononi mwako. Ungeweka kidole kwenye kamera, picha nzima inatoka dole gumba. "Sisi ni familia moja."

FundiWaMinara

Mimi kazi mbovu sijui kuifanya, hata ya kunidhalilisha. Nikishika kitu nakishika sawasawa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

WaMtaaWaPili

Nafanya kazi huko unakokusifia. Rafiki yako anakuficha. Hiyo bima ya wa wakala tunakatwa sisi wenyewe kwenye mshahara, na ukienda hospitali ya maana unaambiwa kadi haisomi. Pesa ya Pemba kweli tunapewa mkononi, hapo sina neno. Lakini picha? Sisi hatupigwi kabisa, si wa kudumu si wa wakala. Kwa bosi wetu ukitabasamu umeomba likizo.

KijanaWaFumba

Na mimi niweke sawa. Yule bibi kwenye picha yetu si mpishi. Ni mama mzazi wa mwenye kampuni.

FundiWaMinara

Hata kama! Si mfanyakazi na yumo! Mimi mfanyakazi nimetolewa! Ndiyo kabisa!

KaraniMstaafu

Mwanangu, tuliza moyo nikuulize. Mkataba wako na huyo wakala umeandikwa kwa sheria ipi? Nimewahi kushika mikataba ya aina hiyo, wanachukua wa Dar wanabadilisha jina la mtu na tarehe. Mambo ya kazi si ya Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya 2005. Ile ya bara ya 2004 haivuki maji. Na hifadhi yako ya jamii ni ZSSF, mfuko upo tangu 1998. Kaangalie hati yako ya mshahara makato yako yanakwenda wapi, kama yanakwenda.

FundiWaMinara

Shikamoo mzee. Nimeufungua sasa hivi kwenye simu. Umeandikwa mgogoro wowote utapelekwa CMA, ile tume ya usuluhishi wa kazi ya bara, Dar es Salaam.

KaraniMstaafu

Marahaba. Basi Jumatatu uchukue nakala uende Kamisheni ya Kazi hapa hapa Unguja. Uende na mkataba na hati za mshahara. Habari ya picha usianze nayo, watakucheka.

MchokooziWaMjini

Mzee kasema kweli, habari ya picha tucheke sisi kwanza.

MtunziWaProgramuKikwajuni

Wakuu haya hayakuanzia mlango wa kioo. Google wa kudumu wanavaa kadi nyeupe, wa wakala na wa muda nyekundu. Gazeti la New York Times mwaka 2019 liliandika kwamba hao wa wakala na wa muda walikuwa kama 121,000, wa kudumu 102,000. Yaani wenye kadi nyekundu walikuwa wengi kuliko wenye kampuni yao. Microsoft nao walikuwa na kadi za bluu kwa wa kudumu na za rangi ya chungwa kwa wa muda, watu wanafanya kazi miaka meza moja na wenzao lakini mpango wa kununua hisa kwa bei nafuu hawamo. Wakaenda mahakamani, kesi ikaburuzwa miaka, mwaka 2000 kampuni ikakubali kulipa kama dola milioni 97. Kwa hiyo mkuu ukiwa na subira na wakili, njia ipo.

JogooLaShamba

Mnamjaza kichwa tu. Hao hao Google Januari 2023 walitangaza kupunguza watu 12,000, wengine wamejua baada ya kuona kompyuta zao za kazi hazifunguki. Twitter walifungua ofisi Accra Novemba 2022, siku chache tu baadaye karibu wote wakafukuzwa, viti bado vina nailoni. Wewe una kazi, umeshika simu ya meneja, unalia. Kwetu mtoto wa kiume halilii picha.

FundiWaMinara

Walifukuzwa, sawa. Nionyeshe mmoja, mmoja tu, aliyeambiwa awapige picha waliobaki. Hayupo. Mimi nimewapiga mara mbili.

BintiMlandege

Kaka hilo la mara mbili umeshalisema.

FundiWaMinara

Na nitalisema tena.

MwanaWaNungwi

Nyinyi watu wa mitandao mnadekezwa. Njooni hotelini muone. Masika ikiingia wageni wakipungua tunaambiwa "mkapumzike nyumbani tutawaita", mshahara hakuna, na ukipata kibarua kwengine unaambiwa umeasi. Chakula cha wafanyakazi wali na maharage juma zima, na huku bufee inamwagwa pipani samaki mzima mzima. Picha tunapigwa kila siku na wageni, tumeshika madafu. Picha haijamlipia mtu ada ya skuli.

MwalimuMicheweni

Heri yenu mna maharage.

YakheWaWete

Mwalimu, weye angalau uko kwenu. Mie mwanangu kaajiriwa hoteli ya Unguja, kila akija likizo nusu ya mshahara inaishia melini. Na meli ikiahirishwa kwa upepo siku zinakatwa kwenye likizo yake. Upepo kautuma yeye?

WaMtaaWaPili

Hapo kwenye meli tufunguliwe uzi mwengine kabisa. Mimi natumwa Chake na mashine ya mamilioni, inapakuliwa na wachukuzi wanaoirusha sakafuni kwa kishindo, ikivunjika nakatwa mimi.

MwanaWaNungwi

Meli inakuja kwa ratiba. Sisi gari ya wafanyakazi inapita saa kumi na moja alfajiri, ukichelewa dakika moja umeachwa, na ukifika kwa daladala umeshakatwa robo siku. Juzi imenipita Kinyasini naiona kwa macho yangu, mvua inanyesha, nimeipungia mpaka mwavuli ukapinduka. Dereva kanitazama usoni akakanyaga mafuta!

DerevaWaMahonda

Gari hiyo naijua na dereva wake si mtu wa hivyo. Watu wenyewe mnatoka nyumbani mnafunga vifungo vya shati barabarani, halafu mkiachwa dereva mbaya. Yeye naye akichelewa getini anaandikwa.

MwanaWaNungwi

Subiri. Unajuaje kama anaandikwa getini? Wewe ndiye dereva!

MchokooziWaMjini

Amekamatwa huyooo!

DerevaWaMahonda

Ulisimama upande wa kwenda mjini. Ningejuaje kama unakwenda Nungwi?

MwanaWaNungwi

Nilikuwa na sare ya hoteli! Sare yako na yangu moja!

DerevaWaMahonda

Ulivaa koti la mvua juu yake. Na tena ile nauli ya juzi ya Mkokotoni uliyoniambia utanipa kesho, kesho yenyewe lini?