Nukta za kaboni na asidi ya pikriki: zazimwa kweli au ni kivuli tu?

KemiaTudor: Salaam jamani. Nina nukta za kaboni (chembe ndogo mno zinazong'aa zikimulikwa) za asidi ya sitriki na ethilinidiamini (200°C, saa 5), nataka zinase asidi ya pikriki, kemikali ya milipuko. Namulika kwa 360 nm, zang'aa kwenye 443. Nikitia pikriki mikromola 50, F0/F (mng'ao wa kabla kugawanya kwa wa baada) yafika 2.3. TNT kiasi hichohicho haifanyi kitu cha maana. Niandike kwamba kihisi chachagua pikriki? Na mbona maji ya kisima yazima hata bila sampuli?

Spektra: Usiandike bado. Pikriki yenyewe hufyonza mwanga karibu na 355 nm, kigezo cha molari (nguvu yake ya kufyonza) takribani 14,000. Mikromola 50 kwenye kyuveti (kichupa cha kupimia) ya sm 1 ni ufyonzaji wa 0.7, kwa hiyo mwanga wako wafifia kabla ya kufika katikati; hicho ndicho kivuli. Zidisha F kwa 10^((A ya kumulika + A ya kung'aa)/2), A ikiwa ni ufyonzaji. Kumulika peke yake ni 10^0.35, yaani 2.24! Hiyo 2.3 karibu yote imekwenda hapo. TNT hufyonza zaidi chini ya 300 nm, ndiyo maana imekupita kimya. Rudia kwa viwango ambavyo ufyonzaji wote hauzidi 0.1, kisha ndio uchore F0/F.

Maabara_Pwani: Maji ya kisima: shuku chuma (Fe3+) kwanza. Tia EDTA (kemikali inayoshika metali) mikromola 100. Mng'ao ukirudi, umempata. Ya mfereji yana klorini, hiyo iondoe kwa thiosulfati *kabla* ya kutia nukta, maana zikishaoksidishwa hazirudi. Weka na bufa (ya kutuliza pH) ya pH 7. Pikriki ni asidi kali. Na je, ulichuja kwa mfuko wa dayalisisi, unaopitisha molekuli ndogo tu? Sitriki na amini hiyo huzaa molekuli ndogo za bluu zinazong'aa sana. Maji ya nje ya mfuko yaking'aa kuliko ya ndani, unachopima si nukta.

Spektra: Na chupa ya pikriki ibaki na maji wakati wote. Ukiona fuwele kavu shingoni usifungue kifuniko, mwite mhusika wa usalama. Kijiko cha chuma marufuku.

KemiaTudor: Shukran. Ila mashine ya kupima muda wa mng'ao, ya kujua zazimwaje, hatuna.

Maabara_Pwani: Pima kwa 25°C na 45°C, baada ya kusahihisha. Mteremko wa mchoro wa F0/F ukipanda na joto, pikriki yazima nukta kwa mgongano, ukishuka, zinaungana. Usipobaki mteremko wowote, ilikuwa kivuli.