Fundi wangu amepima kompresheni kwa kidole gumba, kisha ananiambia "roho imetoka"

Plagi Nne (mwanzisha uzi):
Wakuu, nawasalimu nikiwa na hasira ambayo imenifanya hata chai ya asubuhi niiache ikapoa. Sitamtaja jina, kwa sababu kila mtu anayeshindana kwa magari hapa Arusha anamfahamu, na ambaye hamfahamu injini yake bado iko hai.

Nina Corolla ya zamani yenye injini ya 4A-GE ya valvu 16, ile iliyotoka kiwandani na kompresheni ya 9.4 kwa 1, yaani hewa na mafuta ndani ya silinda hubanwa mara 9.4. Nilimwomba anipandishie hadi 11 tu, nikamweleza taratibu kwamba nataka gari limalize msimu mzima. Yeye akasema 11 ni ya watu wa kupeleka watoto shule, twende 12. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikapelekwa kwa mtu wa leithi ikakatwe, ikarudi imepungua milimita 2 nzima, ikafungwa kwa boliti zilezile zilizonyooshwa tangu enzi za mzee wangu, na taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, haikuguswa hata kwa macho.

Jumatano jioni nikamuuliza kompresheni imefika ngapi. Wakuu, mtu huyu alichomoa plagi ya silinda ya nne, akaziba tundu kwa kidole gumba, akamwambia kijana wake apige stata. Kidole kikaruka. Akakitazama kama sonara anavyotazama Tanzanite, akasema: "Kumi na mbili kamili. Kompresheni ni roho, siyo hesabu."

Jumamosi, mzunguko wa tatu, injini ikaanza kugonga kama kokoto ndani ya kopo, na kabla sijaondoa mguu kwenye mafuta moshi ukawa umenifunika kiasi kwamba watazamaji walidhani ninafukuza mbu wa mkoa mzima. Akaja mbele ya watu wote. Akachomoa plagi ileile. Akaweka kidole kilekile. Akasema: "Roho imetoka. Lete hela ya nyingine."

Kidole kilekile, wakuu!

Mzee wa Gasketi:
Pole, mkuu, lakini ulikiona kidole siku ya Jumatano na bado ukaingia kwenye gari siku ya Jumamosi. Hapo nani hasa anastahili kuanzishiwa uzi?

Plagi Nne:
Mzee wangu, kilisema kumi na mbili kwa kujiamini sana.

Bureti ya Kidato cha Tatu:
Ndugu yangu, hesabu aliyoidharau inatosha nyuma ya risiti. Silinda ya 4A-GE ina kipenyo cha milimita 81 na mwendo wa milimita 77, yaani ujazo wa karibu sentimita za ujazo 397. Kwa 9.4, nafasi inayobaki juu pistoni ikiwa imefika kileleni ni 47 hivi. Kwa 11 inatakiwa ibaki 40 kasoro kidogo, na kwa 12 ni 36. Sehemu ya nafasi hiyo iliyo ndani ya hedi hupimwa kwa bureti, bomba la kioo lenye vipimo: unalaza hedi, unafunika chumba kwa kipande cha plastiki angavu chenye tundu, unapaka grisi pembeni, kisha unajaza mafuta mepesi huku ukisoma namba. Unafanya hivyo kwa vyumba vyote vinne, maana injini hufa kwa silinda yake mbaya kuliko zote. Umevipima?

Plagi Nne:
Nimevipima jana usiku kwa bureti ya kuazima. Hedi imekatwa upogo. Chumba cha nne ni kidogo kuliko cha kwanza kwa sentimita 3 za ujazo, na pistoni ya nne ndiyo iliyotoboka, tundu la kuingiza kidole gumba. Ninamaanisha kidole gumba hasa.

Bureti ya Kidato cha Tatu:
Basi silinda moja ilikuwa karibu na 11 na nyingine inaelekea 12, zote zikitumia taimingi ya 9.4 na petroli ileile ya kituoni. Ukikata hedi kiasi hicho, kamshafti (mhimili unaofungua valvu) husogea karibu na krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), mkanda unaoziunganisha hulegea, na ukishaukaza upya kamshafti hubaki nyuma kidogo, hivyo unahitaji puli za kurekebisha. Valvu nazo husogea karibu na pistoni, na ndiyo maana watu huweka plastisini ya watoto juu ya pistoni, wakazungusha injini kwa mkono, wakapima unene uliobaki. Kwa 11 ya kudumu ningenunua pistoni zenye kichwa kilichoinuka, hedi ningeiondoa kidogo tu ya kuisawazisha, na nafasi kati ya pistoni na bapa la hedi ningeiacha karibu na milimita 1.

Upepo wa Tanga:
Na yote haya kwa faida gani? Kwa hesabu ya darasani, kutoka 9.4 hadi 11 unapata nguvu zaidi kwa kama asilimia 4, na kutoka 11 hadi 12 unaongeza kama 2. Mtu kauza injini kwa asilimia 2. Halafu shukuru uko Arusha, ambako hewa ni nyepesi na injini haijai sawasawa, kwa hiyo inavumilia kidogo. Injini hiyo ungeileta huku Tanga usawa wa bahari, isingefika mzunguko wa pili.

Mkaa wa Themi:
Watu wa Tanga mna maneno, ilhali gari la kwenu lililokuja mwaka jana lilivutwa kwa kamba kutoka mstari wa kuanzia.

Upepo wa Tanga:
Lilivutwa kwa sababu ya fundi wa kwenu aliyeweka ringi za pistoni juu chini. Likanywa oili kuliko petroli. Nilipomuuliza, akaniambia injini ina kiu kwa sababu imetoka Pwani.

Mama Rejeta:
Ninyi bado mna bahati. Wangu alinifungia gasketi ya hedi iliyogeuzwa, ikaziba njia ya maji, halafu akanilaumu kwamba mwanamke akiendesha injini hupata joto. Nilimdai hela yangu kwa miezi minne.

Mzee wa Gasketi:
Mama, huyo wa joto si ndiye huyuhuyu wa kidole?

Mama Rejeta:
Ndiye. Wakati huo alikuwa anapima joto kwa kiganja.

Plagi Nne:
Wakuu, naomba turudi kwenye kidole.

Mkaa wa Themi:
Mkuu Plagi Nne, kamshafti zimepona? Kama hazijakwaruzika nitazichukua zote mbili leo jioni, na konrodi tatu zile nyingine pia.

Upepo wa Tanga:
Kamshafti niliziulizia mimi kwanza, inboksi.