Magitaa mazito yanavuma yakizibwa kwa kiganja, na kompresa inayameza: nibane wapi?

mchanganya_sauti

Wakuu, habari za kazi. Nina wimbo wa roki nzito mezani, tempo 170, magitaa yametuniwa dropu C (nyuzi zimelegezwa hadi ule mnene zaidi utoe C). Wapiga gitaa ni wawili na kila mmoja amerekodi rifu (vipande vifupi vinavyorudiwa) zile zile kwa mkono wake. Wa kwanza nimempeleka kushoto kabisa, wa pili kulia kabisa. Sauti iliingia ghafi kwenye kompyuta kwa 48 kHz, halafu inapita kwenye plagini (programu ndogo ndani ya programu ya kurekodia) ya amplifaya inayoiga Peavey 5150 na kabineti yenye spika nne za Celestion Vintage 30.

Kodi zikiachwa wazi zinasikika vizuri. Shida ni pale wanapoziba nyuzi kwa kiganja karibu na daraja: kila pigo linatoa kishindo kinachofunika kiki (ngoma kubwa ya mguu) na besi. Nimeweka kompresa (kifaa kinachoshusha sauti ikizidi kimo fulani) kwenye chaneli ya kundi la magitaa, uwiano 4:1, ataki (muda wa kuanza kubana) 3 ms, rilizi (muda wa kuachia) 150 ms, inabana hadi 6 dB. Kishindo bado kipo, na sasa magitaa yamekuwa madogo, kama yanapigwa chumba cha pili. Nikikata masafa ya chini kwa ikwalaiza (kifaa cha kuongeza au kupunguza masafa), kodi za wazi zinakonda. Nibane wapi? Na riverbu (mwangwi wa chumba) niiweke vipi bila kuongeza vurugu?

fundi_mawimbi

Mkuu, anza kwa kuitoa hiyo kompresa. Distoshoni, yaani ule mkwaruzo wa gitaa, yenyewe ni kompresa, tena kali. Amplifaya ya aina ya 5150 inakata vilele vya mawimbi hatua baada ya hatua, kwa hiyo pigo la nguvu na pigo laini yanatoka yakiwa na ukubwa unaokaribiana. Baada ya hapo hakuna kilele cha maana cha kubana. Kinachobaki kupanda na kushuka ni masafa ya chini pale nyuzi zinapozibwa. Kompresa yako inasikia kishindo hicho, kisha inashusha gitaa zima, pamoja na masafa ya kati ambayo ndiyo sikio linalitambulia gitaa. Uwiano kati ya chini na kati haujabadilika hata kidogo. Ndiyo maana gitaa limerudi nyuma na kishindo kimebaki palepale.

Sasa tazama kishindo kinakaa wapi. Uzi wa chini katika dropu C ni 65.4 Hz. Mara mbili yake ni 131, mara tatu 196. Kiganja kinaua masafa ya juu, nguvu inabaki kwenye sauti ya msingi na hizo mbili zinazofuata, na kabineti iliyofungwa nyuma inaongeza mvumo wake hapohapo kwenye mia na kitu. Kwa hiyo eneo la kubana ni 90 hadi 280 Hz, na ni hilo peke yake.

Tumia kompresa ya bendi nyingi, inayobana kila eneo la masafa peke yake, ukiacha bendi moja tu ikifanya kazi, au ikwalaiza inayojibana yenyewe. Weka uwiano 4:1, ataki 8 ms, rilizi 80 ms. Kisha chagua sehemu yenye kodi za wazi, izungushe, na ushushe kizingiti (kimo ambacho kompresa inaanzia kubana) mpaka sindano inayoonyesha kiasi cha kubana ianze kugusa, halafu kipandishe kidogo mpaka itulie kati ya 0 na 1 dB. Usiguse tena kizingiti. Nenda kwenye mapigo ya kuziba: inatakiwa ibane 4 hadi 6 dB. Ikibana 10, tatizo liko kwenye amplifaya, halitatibika hapa. Ikibana 2 tu na kishindo bado unakisikia, sogeza mpaka wa juu wa bendi hadi 320 Hz.

Ataki usiilete chini ya 5 ms. Wimbi moja la 100 Hz linachukua 10 ms, na kompresa iliyo haraka kuliko wimbi lenyewe inaanza kuliumbua umbo. Utasikia mkwaruzo mdogo chini. Rilizi nayo ina hesabu yake. Kwa tempo 170, noti ya kumi na sita inachukua 88 ms, kwa hiyo rilizi ya 80 inaachia karibu na pigo linalofuata na kila pigo linakuwa na mwanzo wake. Ile 150 yako ilikuwa haijaachia pigo la pili linapofika.

Kama plagini inaruhusu, tenganisha kushoto na kulia ili kishindo cha mpigaji mmoja kisimshushe mwenzake.

sauti_ghafi

Nakubaliana na hapo juu, ila mimi ningeanza kabla ya amplifaya. Kishindo kikishaingia kwenye distoshoni kinazaa mambo mengine. Kodi ya nguvu ya dropu C ina C ya 65.4 na G ya 98. Distoshoni ikizichanganya inatoa pia tofauti yake, yaani karibu 32.7 Hz, C ya oktava nzima chini ambayo hakuna mtu aliyeipiga. Hapo ndipo magitaa yanapoanza kugombana na besi.

Dawa ya miaka mingi ni Ibanez Tube Screamer, pedali au plagini yake, mbele ya amplifaya. Kitufe cha draivu kiwe sifuri au karibu yake, levo iwe juu, toni katikati. Hapo haiongezi distoshoni. Sakiti yake inakuza kidogo sana chini ya takriban 720 Hz, kwa hiyo amplifaya inapokea mapigo yaliyokaza, yenye kati nyingi na chini kidogo. Baada ya hapo punguza geini (kiasi cha kukuza) ya amplifaya. Weka mahali ambapo gitaa moja, likisikika peke yake, linaonekana kupungukiwa distoshoni kidogo. Yakiwa mawili yatajazana yenyewe, na mapigo ya plektra utayasikia.

Geti ya kelele, inayofunga sauti mpigaji akinyamaza, nayo iwe kabla ya amplifaya, isikilize traki ghafi. Kwenye traki ghafi, tofauti kati ya noti na kelele ya pikapu (kinasa sauti cha nyuzi za gitaa) ni kubwa na geti inaikamata bila kubahatisha. Baada ya distoshoni tofauti hiyo imeshabanwa, na geti itakata mikia ya noti au iache kelele ipite. Anza na rilizi 50 ms, kisha iongeze kwa noti zinazoshikiliwa.

Ukisharekebisha hapa, ile kompresa ya bendi itakuwa na kazi ndogo zaidi.

besi_kwanza

Ulisema ukikata chini kodi za wazi zinakonda. Zinakonda kwa sababu unazisikiliza bila besi, au besi yako haijajaza nafasi. Uzito wa magitaa kwenye muziki huu kwa sehemu kubwa ni besi. Kata magitaa kwa kichujio kinachoondoa yaliyo chini ya 75 hadi 80 Hz, mteremko wa 12 dB kwa oktava, besi na ngoma zikiwa wazi. Wengine watakwambia 120. Kwa dropu C ni nyingi mno, inaondoa mwili wa C ya chini hata kabla ya kufika kwenye 131.

Besi igawe mara mbili kwenye 200 Hz. Nusu ya chini ibane bila huruma: uwiano 8:1, 8 hadi 10 dB, mpaka kila noti iwe na kimo kimoja. Nusu ya juu ipeleke kwenye distoshoni yake, kisha uikate juu ya 5 kHz. Sikiliza mpaka ushindwe kujua distoshoni ya besi inaishia wapi na gitaa linaanzia wapi. Angalia jambo moja: plagini ya distoshoni ikichelewesha nusu ya juu na programu yako hailipi ucheleweshaji huo, nusu mbili zitaminyana pale kwenye 200. Geuza poleriti (mwelekeo wa wimbi, juu kuwa chini) ya moja. Ikiwa sauti inanenepa ulipogeuza, hazikuwa zimelingana.

Halafu chumba. Chumba cha urefu wa mita 3 kina mvumo wa kwanza kwenye takriban 57 Hz na wa pili kwenye 114, ndani kabisa ya eneo mnalolizungumzia. Ukikaa katikati ya urefu wa chumba unasikia 114 imekuzwa na 57 imepotea. Sogea, kisha hakikisha kwa hedifoni kabla hujakata kitu ambacho hakipo kwenye rekodi.

nyuzi_saba

Mimi sikubali kwamba kompresa ya kundi haina kazi. Ina kazi ndogo, lakini ipo: kushikanisha magitaa mawili yasikike kama upande mmoja wa bendi. Uwiano 2:1, ataki 30 ms, rilizi 100 ms, sindano isizidi 2 dB, na kwenye njia ambayo kompresa inasikilizia weka kichujio kinachokata chini ya 150 Hz ili kishindo kisiiongoze. Iwe baada ya kompresa ya bendi, kamwe isiwe kabla. Na unapolinganisha ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, linganisha sauti kwa kimo kile kile. Tofauti ya 1 dB tu inatosha kukudanganya kwamba iliyo juu ndiyo nzuri.

fundi_mawimbi

Kwa mipangilio hiyo sina ubishi, mradi kichujio cha 150 kiwepo. Ni ile ataki ya 3 ms ya mwuliza swali iliyokuwa ikila mwanzo wa kila pigo.

mchanganya_sauti

Asanteni sana wakuu. Nimeweka Tube Screamer, nimeshusha geini, na bendi ya 90–280 sasa inabana 4 dB kwenye mapigo ya kuziba. Kiki imerudi. Kilichobaki ni sauti ya "shshsh" juu ya gitaa la kulia, na soloo moja ya kuwekea riverbu na dilei (marudio ya sauti yanayofuata noti). Pia mwenye wimbo anataka magitaa manne badala ya mawili. Naweza kunakili haya niliyonayo nikayachelewesha kidogo?

sauti_ghafi

Kunakili usifanye. Nakala ikicheleweshwa 15 ms, mtu akisikiliza kwa simu yenye spika moja, masafa yanafutana kwenye 33, 100, 167 Hz na kuendelea kila baada ya 67. Hiyo 100 ndiyo mwili wa gitaa lako. Magitaa manne yanahitaji rekodi nne tofauti, mbili za pembeni kabisa na mbili kwenye asilimia 80, zikiwa chini kwa 4 hadi 6 dB na geini ndogo zaidi. Mikono isipokubaliana kwa wakati, manne yatasikika laini kuliko mawili. Kwa tempo 170 na mapigo ya kumi na sita, mimi ningebaki na mawili.

Ile "shshsh": chukua ikwalaiza, mkanda mwembamba sana, pandisha 8 dB na utambaze polepole kati ya 3 na 8 kHz. Utafika mahali pa filimbi inayouma sikio. Hapo kata 3 hadi 5 dB. Sehemu mbili, tatu zinatosha. Ukifika tano, badilisha faili ya kabineti au usogeze maikrofoni yake kutoka katikati ya koni. Funga kwa kichujio kinachokata juu ya 10 kHz. Lipe gitaa la kulia tiba yake peke yake, la kushoto liache.

nyuzi_saba

Riverbu kwenye magitaa ya rifu: karibu na hakuna. Ukiitaka, iwe chumba kidogo cha 0.4 s kwenye chaneli ya pembeni, imekatwa chini ya 300 Hz na juu ya 5 kHz. Iinue mpaka uisikie, kisha ishushe 3 dB.

Soloo ni habari nyingine. Dilei na riverbu zije baada ya kabineti. Zikitangulia distoshoni, marudio yanabanwa na kuinuliwa hadi karibu na noti yenyewe, ndiyo ile vurugu unayoiogopa. Kompresa ya soloo iwe ya aina ya 1176, 4:1, inabana 3 hadi 5 dB, na itangulie dilei. Kumbuka kwenye 1176 kitufe cha ataki kikizungushwa kulia kinaongeza kasi, kinyume na kompresa nyingi. Anza nacho upande wa kushoto.

Kwa tempo 170 robo noti ni 353 ms na noti ya nane yenye nukta ni 265. Chagua moja, marudio mawili au matatu, kata chini ya 400 Hz na juu ya 4 kHz. Kisha weka kompresa juu ya chaneli ya dilei ikisikiliza soloo ghafi: mpigaji akipiga, dilei inashuka 6 dB, akinyamaza, inapanda yenyewe na kujaza pengo. Rilizi ya kompresa hiyo iwe 250 ms hivi. Riverbu ipe 30 ms kabla ya kuanza, urefu 1.5 s, na usiipeleke dilei ndani yake mpaka uwe umesikiliza soloo nzima pamoja na ngoma.

besi_kwanza

Na soloo ikiingia, usiipandishe kwanza. Shusha magitaa ya rifu 1 dB, na uyakate 2 dB kwenye 1.5 kHz kwa sehemu hiyo tu kwa otomesheni (mabadiliko ambayo programu inayafanya yenyewe). Kama bado haitoki, ndipo uiongeze.