Rent, let, hire, lease: nani anatoa, nani anachukua?

Kijana wa Busia
Habari zenu ndugu, naombeni msaada na hiki kizungu. Baba mdogo ana duka hapa Busia upande wa Uganda anataka kulipangisha, mpangaji ni Mkenya, na mimi ndo nimepewa kazi ya kuandika agrimenti. Nimechukua agrimenti za zamani nifuatishe nikachanganyikiwa kabisa, moja inasema mwenye nyumba "lets", ya pili inasema mpangaji "rents", ya tatu inasema landilodi mwenyewe ndo "rents", halafu kuna nyingine juu imeandikwa "lease" kwa herufi kubwa na muda wake ni miezi sita tu. Hizi zote si ni kupanga tu? Nataka kujua kabla sijaipeleka kwa chairman wa LC1, yaani baraza la kijiji, apige muhuri, maana watu wakigombana ile karatasi itasomwa neno kwa neno.

Mwalimu Mbale
Swali zuri sana hili ndugu yangu. Tatizo liko hapa: Kiswahili kinaweka mwelekeo ndani ya kitenzi chenyewe, ukisema nimepanga tunajua unalipa, ukisema nimepangisha tunajua unalipwa. Kizungu hakina hiyo "-sha" yetu. "I rent a shop" ikisimama peke yake haijasema wewe ni mpangaji ama mwenye duka, kwa hiyo lazima uangalie vile vineno vidogo vya pembeni. "Rent from" unachukua, "rent to" ama "rent out" unatoa. "Let" yenyewe ni ya mwenye mali peke yake, ndo maana vibao vya nyumba tupu vinaandikwa "To Let", mpangaji hawezi ku-let kitu ambacho ndo kwanza anakichukua. Kwenye agrimenti yako tumia "lets to" kwa baba mdogo na "rents from" kwa Mkenya, hapo hata hakimu hatapata shida.

Mama Nakawa
Na sisi wa Kampala tuko na shida nyingine juu ya hiyo. Kwa Luganda "omupangisa" ni mpangaji, yule anayelipa! Sasa Muganda akianza kuongea Kiswahili anakwambia "mimi napangisha hapa" na anamaanisha anakaa kwenye muzigo wa mtu, yaani chumba cha kupanga, Mtanzania akisikia anadhani ameongea na tajiri mwenye nyumba. Nimeona watu wawili wakibishana hivyo nusu saa, mmoja anadai kuonyeshwa vyumba, mwingine hana hata chumba cha kuonyesha. Kwa hiyo msitulaumu kizungu kikitupiga chenga hapo, neno lilishageuka njiani kabla halijafika kwenye "rent".

Karani wa ardhi
Mimi naongezea kwenye "lease" kwa sababu hiyo ndo inaumiza watu. Hilo neno nalo linaenda pande zote mbili kama "rent", lakini kwenye majina limetengana vizuri, "lessor" anatoa, "lessee" anapokea, ni ile ile ya "employer" na "employee", ukiona mwisho "-ee" ujue huyo ndo anayepewa. Kwa kizungu cha kawaida mtu anaweza kuita hata mkataba wa miezi sita "lease" na hajakosea. Ila huku Uganda ukilitamka watu wanafikiria ardhi, kwa sababu Katiba ya 1995 inataja leasehold, yaani kukodi ardhi kwa muda maalum, kama moja ya aina nne za kumiliki ardhi, pamoja na mailo (ya kudumu, hasa ya Buganda), freehold (ya kudumu pia) na ile ya kimila. Asiye raia anaweza kupata hiyo ya lease tu, na isizidi miaka 99. Sasa Mkenya wako akiona "lease" kwenye karatasi, na baba mdogo anawaza kodi ya mwezi, mnaweza kuwa mnaongea vitu viwili tofauti kabisa. Andika "Tenancy Agreement" juu, utalala usingizi.

Boda Jinja
Je "hire"? Sisi tunasema special hire kila siku

Mwalimu Mbale
"Hire" kwa Waingereza ni ya muda mfupi na mara nyingi ni vitu, hema na viti vya harusi, gari la siku moja, na hapo ndo special hire yetu inaingia maana unakodi gari na dereva wake safari moja. Wamarekani wanapenda kuitumia kwa watu, yaani kuajiri. Ukiongeza "out" mwenye kitu ndo anatoa. Na msidhani ni kizungu tu chenye vurugu, hata kuazima kwetu kunaenda huku na huku, "nimeazima kalamu" nimechukua, "niazime kalamu" nipe wewe. Ile "ni-" ndo inakuokoa. Kizungu hapo kimegawa, "borrow" unachukua, "lend" unatoa, ndo sababu wanafunzi wangu wanasema "borrow me a pen", wanatafsiri niazime moja kwa moja.

Kijana wa Busia
Asanteni sana, nimebadilisha kichwa na nimeweka "lets to". Moja la mwisho, Mkenya anataka baadaye ampe mtu kona ya duka aweke meza ya mobile mani. Hiyo nayo ni "let"?

Karani wa ardhi
Hiyo ni "sublet", mpangaji anapangisha tena. Weka mstari wake peke yake, kama anaruhusiwa ama la, na kama anaruhusiwa basi kwa idhini ya baba mdogo ya maandishi. Usiiache wazi.