Potasiamu ya juu kwa mgonjwa asiye na dalili

Mwanafunzi, Likoni: Assalaam aleikum wakubwa zangu. Sampuli ya damu iliyotolewa ng'ambo asubuhi ilitufikia adhuhuri kwa sababu ya foleni ya feri, seramu, yaani majimaji ya damu, ikiwa haijatenganishwa na seli. Potasiamu ilisoma milimoli 6.4 kwa lita na sukari ikawa chini, ilhali mgonjwa hana dalili yoyote. Je, mashine ina hitilafu?

Mtaalamu wa maabara, Tudor: Waaleikum salaam, mwanangu. Kabla ya kuishuku mashine, itazame sampuli yenyewe. Seli nyekundu hubaki hai ndani ya kichupa na huendelea kula sukari, takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa, na joto letu la pwani huzidisha kasi hiyo. Ndiyo maana damu ya kupima sukari huwekwa katika kichupa cha kifuniko cha kijivu, chenye floraidi, kemikali ya kuzuia seli kula sukari hiyo. Potasiamu nayo imejaa ndani ya seli kuliko nje, hivyo seli zikipasuka seramu huwa nyekundu na kipimo hupita kiwango cha kawaida cha 3.5 hadi 5.0. Tenganisha seramu ndani ya saa 2, wala usiiweke damu ambayo haijatenganishwa kwenye friji, kwani baridi hulemaza pampu za seli zinazoizuia potasiamu ndani na potasiamu huvuja hata bila seli kupasuka.

Mkemia, Kisauni: Naam. Hata hivyo, mjulishe daktari leo hii na damu itolewe upya, kwa maana potasiamu ya kiasi hicho, ikiwa ni ya kweli, yaweza kuvuruga mapigo ya moyo.